Kukonda kwa Mama Mwende

Nimestaafu juzi tu, na tayari simu yangu imejaa maswali ya madaktari vijana wa huku kwetu Kitui na Makueni. Hawaulizi habari ya malaria wala ya wajawazito. Wanauliza habari ya ile sindano ya kupunguza uzito: umpe nani, umnyime nani, na yule uliyemnyima umwambie nini asije akaitafuta kwa mlango wa nyuma. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa kidole gumba, kwa hivyo nimeandika hapa mara moja, kila mtu ajisomee. Anayetaka jibu fupi awapigie wengine, wapo wengi na wana hakika.

Niliripoti kazini Mutomo wakati wa ukame, nikiwa na viatu vipya na stethoskopu mpya. Daktari aliyenipokea aliitwa Maundu, mtu mrefu asiyependa maneno, na hakuniuliza hata nimesafiri vipi. Alinipeleka moja kwa moja kwenye banda la bati lililokuwa kliniki ya watoto. Kazi ilikuwa ni kumvalisha mtoto kaptura ya turubai, kumtundika kwenye ndoano ya mizani, na kusoma mshale haraka kabla hajakukojolea. Akanipa pia ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Ukisoma kijani unamrudisha nyumbani, manjano unampa unga, nyekundu unamlaza. Siku hiyo nililaza wengi kuliko niliowarudisha. Nje mbuzi walikuwa wanakula katoni za dawa, na wao pia walikuwa mbavu tupu.

Maundu alikuwa na sheria moja tu. "Kabla hujamuuliza mtu anaumwa wapi," alisema, "muulize nani anapika kwao." Nilidhani ni mzaha wa mtu aliyekaa porini muda mrefu. Baadaye nilielewa kwamba jibu la swali hilo linakuambia nani yuko nyumbani, nani ameenda Nairobi, nani amekufa, na kama ile dawa unayotaka kuandika imezwe baada ya chakula itapata chakula cha kuitangulia. Nimelitumia swali hilo mpaka siku ya mwisho. Wagonjwa wengine walidhani natafuta mwaliko.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ule ugonjwa. Watu wa kwetu hawakuutaja kwa jina. Walisema tu, "Fulani amekonda," na mazungumzo yakaishia hapo, kila mtu akatazama kikombe chake. Nimewahi kuona mtu mwenye kifua kikuu cha kawaida kabisa akikwepwa na jirani zake kwa sababu ya mashavu yake. Dawa zilipofika, hatukungoja maabara kujua kama zinafanya kazi. Mtu aliyekuwa akiletwa kwa mkokoteni alirudi na shingo imejaa, na manesi walimpigia makofi.

Kwa hivyo mjue kwamba sisi wa rika langu tulitumia nusu ya kwanza ya kazi yetu tukiwaongezea watu kilo. Huku kwetu mtu akikuambia umenona, amekutakia heri. Mimi mwenyewe nimetakiwa heri sana, na mkiniona mtaelewa. Nasema mapema ili msiambiwe na wengine.

Baadaye nilirudi chuo nikasomea udaktari wa familia, nikaletwa karibu na nyumbani, nikawa nazunguka vituo vya afya, siku nyingi nikiwa Tulia. Kazi ilikuwa imegeuka. Asubuhi foleni ilikuwa ya presha, ya kisukari na ya magoti. Watu niliowajua wakila chakula cha msaada sasa walikuwa na chapati asubuhi na soda mchana, na boda boda ya kuwafikisha dukani palipokuwa mwendo wa kutema mate. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini hawa walikuwa wamekaa pande zote mbili na walijua ni upande gani wanaoupenda. Hawakuwa tayari kuambiwa wapunguze, na hasa si na mimi. "Anza wewe, Daktari," mzee mmoja aliniambia, "tutakufuata."

Ile sindano ilipokuja, ilikuja kama dawa ya kisukari. Ni kama kalamu. Unazungusha kitako chake kuchagua dozi, unajidunga tumboni mara moja kwa wiki. Inafanya chakula kikae tumboni muda mrefu, na inauambia ubongo umeshiba hata kama umekula vijiko vichache. Watu wakaona wenye kisukari wanaoitumia wanapungua, na wasio na kisukari wakaanza kuitaka. Wa kwanza kuniomba alikuwa bibi harusi. Gauni lilikuwa limeshashonwa, na zipu ilikuwa imekataa. Nilimwambia gauni hupanuliwa kwa urahisi kuliko mtu anavyopunguzwa. Akaenda kwa mwingine. Wa pili alikuwa kontrakta, tumbo mbele, aliyetaka nimwandikie kwamba ana kisukari ili apate dawa. Nikamwambia nitamwandikia siku atakayokuwa nacho, na kwa mwendo wake si mbali. Huyo hakuudhika. Aliniachia tikiti maji.

Madaktari wa familia tulikuwa wachache katika kaunti zetu mbili, na kila baada ya miezi michache tulikutana kujadili wagonjwa waliotushinda. Mara nyingi tulikutana Nunguni, kwa Daktari Musembi, kwa sababu kule juu kuna baridi nzuri na chai yake ina maziwa ya kweli. Musembi alikuwa mkubwa wetu kwa umri. Aliipinga ile sindano waziwazi. "Ukiiacha, kilo zinarudi," alisema. "Kwa hivyo unampa mtu dawa ya maisha. Na zile kalamu chache zinazofika huku, ukimpa mwenye gauni, mwenye sukari anakosa." Daktari Ndunge wa mji wa Wote, mdogo wetu, alimjibu bila kuinua sauti. "Hata presha ukiacha dawa inarudi, mzee, na sijawahi kukuona ukimnyima mtu dawa ya presha. Unene ni ugonjwa. Sisi tu ndio tunauita tabia." Wote wawili walikuwa na hoja. Mimi nilikaa katikati, mahali wanapokaa watu wanaotaka kumaliza chai.

Nikiwa hapo katikati nilijitengenezea swali la pili, baada ya lile la Maundu. Nilimuuliza mgonjwa: huu uzito unakuzuia kufanya nini? Majibu mengi yalikuwa kioo. Majibu mengine yalikuwa ngazi, au kitanda cha ndoa, au kupiga magoti kanisani na kuinuka tena. Nilipima kwa majibu hayo. Halafu akaja Mama Mwende, na jibu lake sikuwahi kulisikia kabla.

Mama Mwende, jina lake Syombua, alikuwa na hoteli sokoni Tulia. Muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, yalikuwa yanafuatwa na madereva wa malori hata kama hawakuwa na safari ya kupita hapo. Alikuwa mwanamke mkubwa, mkubwa kweli, mwenye kicheko kilichoanzia mabegani. Presha yake ilikuwa nzuri. Sukari hakuwa nayo. Alikaa kwenye kiti changu cha wagonjwa, kikalia, akakiambia kinyamaze.

"Uzito unakuzuia kufanya nini, Mama Mwende?"

"Kumpa ndugu yangu figo," alisema.

Ndugu yake aliitwa Mutua, fundi wa kuchomelea mageti, duka lake likiwa ng'ambo ya barabara kutoka kwa hoteli. Presha ambayo hakuwahi kupimwa ilikuwa imemmaliza figo zote mbili akiwa bado mtu wa makamo. Alikuwa anaenda Kitui mjini kuoshwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na siku zilizobaki alikuwa hana nguvu ya kushika hata nyundo. Mkewe alipimwa, damu hazikulingana. Kaka yao mkubwa aliye Mombasa alikuwa na kisukari. Aliyelingana ni Syombua peke yake, na ndiye aliyemlea Mutua baada ya mama yao kufa. Wakaenda Nairobi pamoja. Huko madaktari wa upasuaji walimsifia figo, halafu wakamwambia hawawezi kumkata akiwa na uzito ule. Arudi akipungua.

"Walinipima kama ng'ombe wa mnada, Daktari. Wakasema mzigo ni mzuri lakini gunia ni kubwa."

"Umejaribu mwenyewe?"

"Nimejaribu. Nimeacha ugali, nimetembea mpaka magoti yakakataa. Nimepungua kidogo. Lakini Mutua naye anapungua kwa upande wake, na yeye ana mwendo wa kasi kunishinda."

"Na nani anapika kwenu?"

"Si ni mimi. Napikia soko lote. Unajua naonja chumvi mara ngapi mpaka jua lizame?"

Nilimwandikia. Nilimpigia Ndunge, akafurahi. Nilimpigia Musembi, akasema, "Unamchukua mtu mzima, unamfanya mgonjwa, ili mwingine aje amkate." Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akasema basi, mradi najua.

Niwape na mambo madogo ya kazi, maana hamtayakuta vitabuni. Friji ya chanjo haiwekwi kitu kingine chochote, hata cha daktari, hasa cha daktari. Kwa hivyo kalamu za Mama Mwende zilikaa kwenye friji ya soda ya hoteli, rafu ya katikati, ndani ya mkebe wa siagi, mbali na ule ukuta wa nyuma unaogandisha. Kalamu ikiganda ni ya kutupa. Anzeni na dozi ya chini na msipande haraka. Mwambieni mgonjwa mapema kwamba atachafukwa na tumbo. Yeye nilimwambia, lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kukaanga vitunguu vya soko zima ukiwa unataka kutapika ni kingine. Alifunga leso puani. Mara kwa mara alitoka nyuma ya hoteli, akarudi macho mekundu, akaendelea kukoroga. Nilimwambia tukipenda tunaweza kupumzika wiki moja. Alisema Mutua hapumziki.

Akapungua. Kwanza ilikuwa shingo, halafu mikono, halafu leso aliyofunga kiunoni ikaanza kuzunguka mara mbili. Mimi nilifurahi. Soko halikufurahi. Wanawake wa kanisani kwake walifika nyumbani bila kualikwa, na sukari na unga na majani chai, kama tunavyokwenda kwa mgonjwa, wakakaa wakamwombea. Akawaeleza yote, sindano na figo. Mmoja wao akamuuliza kwa upole, "Dada, nani huenda hospitali ili akonde?" Walipotoka walisema lisemwalo lipo. Ikaenea kwamba yeye na Mutua wana kitu kimoja, kitu cha kwao. Wateja wengine wakahamia hoteli ya pili. Mama Mwende alinisimulia haya akicheka, lakini kicheko kilikuwa kimeshuka kutoka mabegani na kukaa mdomoni tu.

Tulikuwa tumekaribia kabisa uzito waliotaka Nairobi, na wao walikuwa wameshaanza kutafuta nafasi ya upasuaji, ndipo alipokuja kliniki asubuhi bila kungoja foleni. Aliketi, na kiti hakikulia. Akaanza kulia yeye.

"Amekataa, Daktari. Mutua amekataa. Amewaambia watu wa mashine hataki figo yangu. Nimekonda bure."

Sikuelewa, na yeye pia hakuelewa. Mutua hakumpa sababu. Alimwambia tu kwamba ameamua, na akafunga duka akaenda kulala.

Siku hiyo mchana nilivuka barabara. Mutua alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana, amevimba miguu, akimtazama fundi mwenzake akikata bomba. Alinisogezea kiti.

"Karibu, Daktari. Najua umetumwa."

"Nimejituma."

"Basi nikwambie wewe. Dada yangu ni mgonjwa, na mnamficha. Siwezi kuchukua figo ya mtu mgonjwa."

Nilikuwa nimekuja na majibu yote ya maabara. Nikayatoa moja moja, damu, mkojo, moyo, kifua. Aliyatazama kwa adabu kama mtu anavyotazama picha za harusi ya watu asiowajua, akanirudishia.

"Hizo karatasi ni zenu," alisema. "Mimi nina macho. Jumapili alikuja kwangu. Mke wangu alichinja kuku, akapika muthokoi vile Syombua mwenyewe alimfundisha. Dada akala vijiko viwili, akasukuma sahani. Akasema ameshiba."

"Ni dawa, Mutua. Ndiyo kazi yake. Inamfanya ashibe."

Yule fundi mwingine alizima mashine, akaenda kusimama kando.

"Mama alianza hivyo," Mutua alisema. "Syombua hakuona, alikuwa shule ya bweni, na kaka alikuwa Mombasa. Nilikuwa mimi na mama tu, miaka ile mibaya. Alikuwa anapakua, anakula vijiko viwili, anasukuma sahani kwangu, anasema ameshiba. Na mimi namalizia. Nilikuwa nafurahi, Daktari. Nilikuwa mtoto, nilidhani kweli ameshiba. Alikonda hivi hivi, kwanza shingo, halafu mikono. Sijui mpaka leo kama ilikuwa njaa au ule ugonjwa. Jumapili dada amesema neno lile lile, na sauti ni ya mama. Sasa mnataka nile na yake." Akafuta uso kwa kiganja. "Sitamalizia sahani ya pili."

Nilikuwa nimemuuliza Syombua nani anapika kwao. Hakuna shule iliyonifundisha kuuliza nani alikuwa anamalizia.

Nikamuuliza Mutua ni kitu gani kingemfanya aamini. Hakufikiri hata kidogo.

"Aache hiyo dawa. Nimwone anakula. Akila kama Syombua, naenda Nairobi kesho."

Sasa sikilizeni mtego ulivyokaa. Dawa ilikuwa iachwe hata hivyo, kwa sababu tumbo linalokawia kumwaga chakula ni hatari kwa mtu anayelazwa usingizi wa upasuaji, na watu wa Nairobi walitaka iachwe wiki kadhaa kabla. Lakini dawa ikiachwa, njaa inarudi, na njaa ikirudi, kilo zinarudi. Nairobi wangempima tena siku ya kumlaza, na nafasi tuliyokuwa nayo ilikuwa nyembamba. Mama Mwende akila, wale wa kule wangemkataa yeye. Asipokula, ndugu yake angemkataa. Na Mutua alikuwa anavimba.

Nilipanda Nunguni. Musembi alinisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai. "Ulitibu uzito," alisema, "hukutibu nyumba." Alisema bila ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Ndunge alitaka Mutua apelekwe kwa mshauri wa mambo ya nafsi, na kwa kweli lilikuwa wazo zuri, isipokuwa mshauri wa karibu alikuwa na foleni ndefu kuliko muda uliombakia Mutua. Kisha Ndunge akasema kitu kingine. "Mtu huyu hakuomba vipimo. Ameomba mlo mmoja. Mpeni mlo mmoja." Musembi akamtazama, akaitikia kwa kichwa. Ndiyo mara ya pekee niliyowaona wakikubaliana juu ya ile sindano, na ilikuwa juu ya kuiacha.

Basi tukaiacha. Kwa muda Mama Mwende hakusikia tofauti, alikula kama ndege na mimi nikaanza kuogopa upande wa pili, kwamba njaa haitarudi mapema ya kutosha. Halafu siku moja akanipigia. "Daktari," alisema kwa sauti ya chini kama mtu anayesema siri, "leo nimetamani ngozi ya kuku." Nikamwambia ajizuie kama anavyojizuia mtu aliye kwenye saumu, ale mboga, atembee, mpaka siku ya Mutua. Siku hiyo ale. Mlo mmoja tu. Mutua akatuma neno kwamba na mimi nije, niwe shahidi.

Tulikaa uani kwake, mimi, Mutua, mkewe Kavinya na Mama Mwende. Mutua alimwondoa mke kwenye sufuria, akapakua mwenyewe. Alijaza sahani ya dada yake mpaka ikafanya kichuguu, akaweka paja la kuku juu, akaisogeza mbele yake kwa mikono miwili. Mama Mwende akanawa, akaomba, akaanza.

Alikula taratibu. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani, siwezi kujizuia, ni ugonjwa wa kazi. Nilihesabu mahindi, nilihesabu maharagwe, nilihesabu mafuta yaliyong'aa juu ya paja. Mutua hakuwa anahesabu. Alikuwa anamtazama mkono ukienda na kurudi. Dada yake alipofika nusu ya sahani, alipumzika kidogo, na nikamwona Mutua akishika ukingo wa kigoda. Dada akaendelea. Alimaliza mahindi yote, akatafuna gegedu, akavunja mfupa akanyonya.

Halafu akanyoosha sahani tupu kwa ndugu yake. "Ongeza," alisema.

Nilifungua mdomo. Mama Mwende alinitazama mara moja tu, na nikaufunga.

Mutua aliongeza. Kijiko kilikuwa kinagonga sufuria. Akampa sahani, akakaa, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyashughulikia. Dada yake akala ile ya pili akizungumza sasa, akilalamika kwamba chumvi ni kidogo, kwamba Kavinya amefundishwa vizuri lakini anaharakisha moto. "Na wewe usinikodolee macho," alimwambia Mutua. "Maharagwe umekatazwa na madaktari. La sivyo ningekubakishia."

"Usinibakishie," Mutua alisema. "Maliza."

Akamaliza. Mutua akamwambia Kavinya alete simu apige Nairobi, na Kavinya akawa ameshaishika.

Siku ya kulazwa nilienda nao. Walimpima Mama Mwende mlangoni. Daktari wa upasuaji, kijana mwenye haraka, alikunja uso akasema ni karibu mno na kikomo. Nikamwambia karibu ni upande wa ndani. Upasuaji wenyewe siwezi kuwaeleza, haikuwa kazi yangu, nilikuwa nje kwenye benchi nikila mandazi. Ulikwenda vizuri kwa wote wawili. Mutua alikaa Nairobi miezi, akarudi na dawa za kumeza maisha yake yote, na uso uliojaa kwa sababu ya hizo dawa. Sokoni walimwambia amenona. Alikubali pongezi.

Mnaniuliza maoni yangu. Musembi yuko sahihi kwamba kilo hurudi. Ndunge yuko sahihi kwamba hiyo si sababu ya kumnyima mtu. Mimi najua tu kwamba unapompunguza mtu huku kwetu, unampunguza mbele ya watu waliokwisha kuzika waliokonda, na ni lazima uende ukaongee na hao pia, kabla ya dozi ya kwanza, si baada ya ile ya mwisho. Baada ya Mama Mwende sikumwandikia mtu ile sindano mpaka awe amekuja na yule anayekula naye. Wengine walikuja na mume, wengine na mama mkwe. Kontrakta, ambaye siku hizi anacho kisukari, alikuja na wake wawili, na ikabidi tutafute kiti cha tatu.

Wiki yangu ya mwisho Tulia nilibeba kipima presha nikaenda hotelini kwa Mama Mwende, kwa sababu mwenye figo moja hupimwa kila mwaka na yeye kuja kliniki alikuwa anasema kesho. Alikuwa jikoni, leso imefungwa mara moja tu kiunoni, na kicheko kimerudi mabegani. Nilimfunga kitambaa cha kipimo mkononi, kikafika kwa shida. Presha ilikuwa nzuri. Nikamuuliza kama angependa tuanze tena ile dawa, kwa ajili ya magoti. Alisema atafikiria akimaliza msimu wa harusi. Halafu akaona ninavyomtazama.

"Kilo zimerudi zote, Daktari, usione haya," alisema. "Zote, isipokuwa ile robo niliyomwachia Mutua."

"Figo haifiki robo kilo, Mama Mwende."

"Haifiki?" Aligeuka, akatazama ng'ambo ya barabara. Mutua alikuwa ameinua bomba za geti begani, anazipakia kwenye pikapu, akimfokea dereva arudi nyuma kidogo. Dada yake alimtazama mpaka akazitua.

"Basi ni kitu kidogo kweli," alisema.